Kiti Kipana cha Safu ya Nne

Mtaa mzima walimwita Bi Sponji, na jina aliloandikishwa shule lilibaki kwenye daftari la mwalimu. Alisoma mpaka darasa la saba akatoka na vitu viwili: hesabu za kichwa na mdomo. Vyote viwili alivitumia kila siku.

Kazi yake ilikuwa kuvisha viti. Ukimkuta kwenye chumba chake cha kazi, chenye mlango wa bati usiofunga mpaka uupige teke, utamwona amepiga magoti juu ya kochi la mtu, misumari midogo imebanwa midomoni, anavuta kitambaa kama anayemfunga mtoto mtukutu mkanda wa suruali. Alivisha makochi, viti vya saluni, viti vya mabasi. Lakini mteja wake mkubwa alikuwa jumba la sinema lililo mwisho wa barabara ya maduka, moja kati ya majumba saba ya kampuni moja. Kila kiti mle ndani alikifungua na kukifunga kwa mikono yake.

Miaka kumi na moja iliyopita kampuni hiyo iliuza hisa kwa watu wa kawaida, tena dirishani, pale pale panapouzwa tiketi. Mtu alikwenda kuangalia filamu akarudi na hati yenye mhuri. Bi Sponji wakati huo alikuwa ametoka kuvisha ukumbi mzima. Akanunua hisa mia tatu. Hati akaitia kwenye bahasha, bahasha akaiweka chini ya godoro, na juu ya godoro akamlaza mume.

"Ulinzi kama huu," alikuwa akisema, "benki hawana."

Mwache acheke, lakini ile bahasha haikuwa mzaha. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya ukoo wa mume. Chumba cha kazi kilikuwa cha kupanga. Cherehani alirithi kwa mama yake, na dada zake hawakuacha kumkumbusha. Hati ile ndiyo karatasi pekee duniani iliyosema kitu fulani ni chake yeye, na si cha mtu mwingine.

Sasa mwaka huu maneno yakaanza. Yalianzia kwa kinyozi, kama maneno mengi. Sinema imekufa, watu wanaangalia filamu kwenye simu, kampuni inafilisika. Majumba mawili kati ya yale saba yakafungwa kweli, na hapo uvumi ukaota miguu. Meneja wa jumba akamwambia Bi Sponji asimamishe kazi ya viti mpaka hapo atakapoambiwa. Kisha ikabandikwa barua mlangoni: wanahisa wote wanaitwa kwenye mkutano maalumu Jumamosi, humo humo ukumbini, kupiga kura kama kampuni ivunjwe na majumba yote saba yauzwe kwa mnunuzi mmoja ambaye atayageuza maghala ya saruji.

Kabla gundi ya barua haijakauka, akatokea mwanamume mmoja mwenye mkoba mweusi na viatu vya kuchongoka. Akaweka meza kwenye baraza la duka lililotazamana na sinema, akawa ananunua hisa za watu kwa robo ya bei waliyonunulia. Jina lake hakuna aliyelishika. Wakamwita Bwana Mkoba.

"Nawahurumia tu, mama zangu," alikuwa akiwaambia. "Kampuni ikishafilisika rasmi, hati hizi mtafungia karanga."

Watu wakauza. Wa kwanza alikuwa muuza tiketi wa dirishani, shoga yake Bi Sponji wa miaka mingi.

"Umeuza, mwenzangu?" Bi Sponji alimuuliza. "Wewe unayekaa ndani ya jumba?"

"Ndiyo maana nimeuza. Naona maiti kila siku."

Nyumbani hali haikuwa bora. Shemeji yake, mdogo wa mume, alikuwa karani ofisi ya ardhi na alijua kila kitu kilichopo na kisichokuwepo. Akaja Jumatano, akakaa kwenye kochi ambalo hakulilipia, akakunja nne.

"Shemeji, uza. Mimi nakwambia kama mtu ninayeona makaratasi. Jumapili utaamka huna kitu."

"Na nikiuza nitaamka na nini?"

"Angalau utapata kitu kidogo."

"Kidogo ninacho tayari. Kimekaa kwenye kochi langu kimekunja nne."

Mume wake, dereva wa lori mstaafu, akacheka mpaka akakohoa. Aliporudiwa na pumzi akasema, "Hisa ni zako, mke wangu. Mimi nilikuwa nazilalia tu."

Maneno matamu hayo, lakini hayamwondolei mtu hofu. Usiku ule Bi Sponji alihesabu kichwani. Sinema ikifa, atapoteza mteja na hisa kwa siku moja. Akiuza, atapata pesa ya kununulia nusu ya cherehani mpya, na cherehani nusu haishoni. Hata hivyo nusu si sifuri. Alhamisi asubuhi akatoa bahasha, akajaza fomu ya kuuza aliyokuwa akiigawa Bwana Mkoba, kwa herufi zake kubwa zilizolala upande, akaitia mkobani na kutoka. Alitembea polepole, kama anayepeleka mbuzi wake mwenyewe machinjioni.

Njiani akapitia duka la vitambaa kuchukua uzi. Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akamwona akaruka.

"Fundi! Mungu kakuleta. Nimepata kazi itakayotutoa wote. Mteja anataka bei ya kuvisha viti mia tatu sabini na mbili, mahameli mekundu, sponji mpya. Mimi nitatoa kitambaa, wewe utashona. Shika orodha, nipigie hesabu ya mkono wako."

Akampa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Bi Sponji akaegemea marobota, akaanza kusoma. Safu ya kwanza, viti kumi na vinne. Ya pili, kumi na vinne. Ya tatu, kumi na sita. Ya nne, kumi na vitano, *kimoja kikiwa kipana, mara moja na nusu*.

Akaacha kusoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaivaa tena.

Mshonaji humjua mteja kwa vipimo hata akiletewa bila kichwa. Kiti kile kipana alikitengeneza yeye. Muuza nyama wa sokoni, mtu mwenye mwili wake, aliwahi kunasa kwenye kiti cha sinema mpaka filamu ikaisha akabaki, na meneja akamwita Bi Sponji aje na bisibisi. Baadaye kampuni ikamwomba amtengenezee bwana yule kiti chake. Viti viwili vikatolewa, kikaingia kimoja na nafasi ya kiwiko. Hakuna kiti kama kile mahali pengine popote. Akateremsha kidole mpaka safu ya nane. Viti tisa. Naam, kwa sababu ya nguzo. Safu ya mwisho, viti vitano, kwa sababu ya ngazi ya kupandia chumba cha mashine.

Chini ya karatasi palikuwa na mhuri. Ulikuwa ule ule wa kwenye fomu aliyoibeba mkobani, mhuri wa ofisi ya Bwana Mkoba.

"Mzee," akasema taratibu, "saruji inakalia mahameli?"

"Nini?"

Akamweleza. Mzee wa vitambaa akasikiliza, akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Fundi, nisikilize. Hata kama ndivyo, sisi inatuhusu nini? Wao wanunue, sisi tushone. Viti mia tatu sabini na mbili! Lini utapata kazi kama hiyo tena? Nyamaza, ushone, ule."

Na hapo ndipo palipomuuma. Kazi ile ingemlisha mwaka mzima. Angeweza kuuza hisa, kupokea kazi na kufunga mdomo, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Lakini kila kiti ambacho angekivisha, angejua kimenunuliwa kwa kumdanganya aliyekikalia. Na kuna kitu kimoja ambacho Bi Sponji hakuwahi kukimeza maishani, ambacho ni kufanywa mjinga huku anachekewa.

"Naazima karatasi zako mpaka Jumamosi," akasema. "Uzi nitalipa keshokutwa."

Hakwenda kwenye meza ya Bwana Mkoba. Alikwenda sokoni, akasimama mbele ya bucha, akamwambia muuza nyama, "Jumamosi uje mkutanoni, na ukae kwenye kiti chako, si kingine. Na kila mwenye hisa akija kununua nyama mwambie asiuze mpaka Jumamosi, na aje mwenyewe."

"Kuna nini, Bi Sponji?"

"Kuna utamu. Ukikosa, utalia mpaka nyama ioze."

Jumamosi saa nne ukumbi ulijaa kuliko filamu yoyote ya mwaka ule. Mbele, chini ya pazia, walikaa wakurugenzi sita na mwenyekiti wao, mzee mwenye sauti ya mtu aliyechoka. Pembeni yao Bwana Mkoba, aliyetambulishwa kuwa mwakilishi wa mnunuzi, amekunja mikono. Mwenyekiti akasoma karatasi ndefu. Watu hawaji sinema, viti vimechakaa, benki imechoka kungoja, mnunuzi ni mmoja tu, na anataka majengo matupu kwa ajili ya saruji.

"Kuna swali kabla ya kura?"

Bi Sponji akanyoosha mkono. Moyo ulimdunda kama cherehani isiyo na mafuta, lakini mdomo ulikuwa wake.

"Mwenyekiti, umesema watu hawaji. Mimi ndiye ninayevisha hivi viti. Kama hawaji, nani anavichana kila miezi minane? Panya?"

Kicheko. Mwenyekiti akagonga meza.

"La pili. Nina orodha hapa ya mtu anayetaka kuvisha ukumbi fulani mahameli mapya. Naomba wanahisa wanisaidie kuhesabu. Safu ya kwanza, viti kumi na vinne. Haya, safu ya kwanza?"

Watu wakatazamana. Halafu mama mmoja wa mbele akahesabu kwa kidole, "Kumi na vinne!"

"Ya tatu, kumi na sita."

"Kumi na sita!" Sasa walikuwa wanaitikia kama shule.

"Safu ya nane, tisa."

Nyuma ya nguzo sauti zikapanda: "Saba, nane, tisa! Tisa!"

"Safu ya nne, kumi na vitano. Na imeandikwa hapa, kiti kimoja kipana, mara moja na nusu."

Muuza nyama akainuka polepole kutoka safu ya nne, akageuka huku na huku ili watu wa pande zote wamwone, akapiga ubavu wa kiti chake kwa kofi.

"Nimekikalia!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wengine walisimama juu ya viti, jambo ambalo siku nyingine lingemfanya Bi Sponji apige mtu.

Bwana Mkoba akaruka kama aliyekalia sindano. "Hiyo ni karatasi ya siri ya ofisi yetu! Nani amekupa?"

"Asante, bwana," Bi Sponji akasema. "Nilikuwa sijasema ni ya nani."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mwenyekiti aliketi wima. Akaomba karatasi, akaisoma, akautazama mhuri, kisha akamtazama Bwana Mkoba.

"Mliniambia ni maghala," akasema.

"Ni... ni mipango ya awali tu, mwenyekiti."

"Ya kulaza mifuko ya saruji kwenye mahameli?" mtu akapiga kelele, na kicheko kikaanza upya.

Kura zikapigwa kwa karatasi, kila mtu na hisa zake. Zilihitajika robo tatu ili kampuni ivunjwe. Bwana Mkoba na waliokuwa nyuma yake walikuwa wameshakusanya nyingi, hilo si la kuficha. Lakini katika kila hisa mia walipata hamsini na nane tu, na hoja ikaanguka kifudifudi. Watu waliimba. Mlangoni muuza tiketi alisimama na kitabu chake cha tiketi mkononi, machozi yakimlengalenga, kwa kuwa hisa zake zilikuwa miongoni mwa zile alizonunua Bwana Mkoba. Bi Sponji alikuwa na maneno matatu makali tayari. Akayameza, akamshika mkono, wakatoka pamoja.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kampuni ilitajirika. Yale majumba mawili yaliyofungwa yalikodishwa. Lakini benki iliposikia kuna mtu aliyekuwa tayari kumwaga mahameli kumbi nzima, ikajua kumbe mgonjwa anapumua, ikaongeza muda wa mkopo. Matano yaliyobaki yanafanya kazi, na mwaka huu yametoa gawio, dogo, lakini limeandikwa jina la mwenyewe. Mzee wa vitambaa alinuna wiki mbili, mpaka kampuni yenyewe ilipoagiza mahameli kwake. Bwana Mkoba alirudi mara moja na bei mara tano ya ile ya kwanza. Alipata chai, akarudi alikotoka.

Na wanahisa wadogo walipoambiwa wachague mtu wa kuwawakilisha kwenye bodi, hawakuzunguka. Siku ya kikao cha kwanza Bi Sponji alipewa mkataba wa kurasa kumi na nne na kalamu ya dhahabu.

"Weka sahihi hapa tu, mama, chini," mkurugenzi mmoja akamwelekeza. "Sisi tumeshausoma."

"Nafurahi kusikia," akasema, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza na kuweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kwa mwendo wake wa darasa la saba, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Mwenyekiti akaagiza chai ya pili. Wakurugenzi sita wakatazama saa zao, wakatazamana, wakangoja.