Aliyeitikia Jina la Samueli

Nikiwa bado mtoto wa gauni moja, la kanisani na la sokoni lile lile, niliishi kwa hofu ya jina la ndugu yangu.

Kwetu ni nje ya Kitengela, upande wa Isinya, na tulikuwa watu wa kanisa. Baba alikuwa mzee wa kanisa letu la mabati, na jioni aliomba mpaka ugali unapoa. Ndugu yangu mdogo, Samueli, alikufa kwa homa kabla hajajua kutembea vizuri. Ulikuwa msimu wa kiangazi, baba yuko mbali malishoni na ng'ombe, mama peke yake na mtoto. Tangu mazishi, Koko, mama yake baba, hakutaka jina lile litajwe bomani. Ndivyo Wamaasai wa rika lake walivyofanya: aliyekufa mdogo, jina lake linazikwa naye. Hata mimi nilijifunza kusema "yule wetu" tu.

Kisha mama akapata mtoto mwingine wa kiume. Siku ya kubatizwa, baba akamwambia mchungaji, mbele ya watu wote, kwamba mtoto ataitwa Samueli. Alisema mambo ya miiko yameisha, sisi sasa tuko kwenye nuru. Watu wakapiga makofi. Mama aliangalia sakafu. Koko aliinuka akatoka nje katikati ya ibada, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Hiyo jina tulizika," alimwambia baba tulipofika nyumbani. "Ukiiita, yule mwingine ndiye anaskia. Atakuja kuchukua mwenzake."

"Yeyo, mama yangu, sisi ni watu wa Yesu," baba alijibu kwa upole. "Jina haiwezi ua mtoto."

Mimi nilimpenda Yesu lakini nilimwamini Koko. Tena shule ya Jumapili ndiyo iliyoniharibia kabisa, maana tulifundishwa kwamba Samueli wa kwenye Biblia alipoitwa aliamka mara moja akakimbia kuitikia. Kwa hiyo kila baba alipomwita mtoto, mimi niligeuka kutazama upande wa ua tulikomzika yule wetu. Nilimbeba mtoto mgongoni kutwa nzima bila kumwita chochote.

Halafu homa ikaja. Mtoto aliwaka moto, akahema kwa shida, macho yakawa hayatulii. Koko alimtemea mate ya baraka kwenye paji la uso, kisha akageuka kutazama upande wa ua tulikomzika yule wetu. Hilo liliniogopesha kuliko kama angenigombeza. Baba alitafuta gari, tukaenda hospitali ya Kajiado: yeye, mama na mtoto, Koko, na mimi kwa sababu hapakuwa na wa kukaa nami.

Baba mwenyewe ndiye aliyeandikisha jina dirishani, kwa sauti ya mtu wa kanisa. Tukakaa kwenye benchi. Baadaye muuguzi akafungua mlango akaita, "Samueli."

Koko alinishika mkono kwa nguvu. Baba aligeuka kutazama mlango wa nje tulioingilia, nami nikatazama huko huko, na nakwambia kweli, nilitarajia kumwona yule wetu akiingia anayumba. Hapo nikajua kwamba baba anaogopa kama mimi. Sijawahi kuogopa tena kama siku ile.

"Samueli ni nani hapa?" muuguzi aliuliza. "Ama niite mwingine?"

Mama akasimama. "Ni huyu wangu," alisema. "Samueli yuko hapa." Akaingia naye, mlango ukafungwa.

Hakuna aliyeingia kutoka nje. Koko alisogea kwenye benchi mpaka kando ya baba, akamwekea mkono gotini, wakakaa hivyo.

Ilikuwa nimonia. Mtoto alilazwa, akapona, na leo ana duka la misumari na saruji Kitengela, anaongea kuliko redio. Baba aliendelea kuwa mzee wa kanisa, lakini mpaka alipofariki alimwita "kijana" tu. Mimi ni mtu wa maombi, naimba kwaya, na bado mtu akiita jina lile sokoni kwa sauti, shingo yangu hugeuka kwanza.

Juzi nilikuwa napukuchua mahindi na mama, nikamuuliza kama siku ile ya Kajiado hakuogopa.

"Niliogopa kuliko nyinyi wote," alisema. "Lakini yule wa kwanza pia nilimpeleka zahanati, kwa miguu. Tulifika tumechelewa. Walipoita jina yake alikuwa ameshanyamaza hapa mgongoni, sikuwa na mtu wa kuitikia. Hii mara nilikuwa naye."

Akaendelea na mahindi yake. Miaka yote hiyo tulimwogopa yule mtoto, Koko na baba na mimi, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza mama siku aliyokufa ilikuwaje.