Gari Lililorudi Bila Vumbi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Marangu, na miaka ya kusahihisha madaftari ilinifundisha kwamba watoto wawili hawakosei hesabu moja kwa namna moja bila mmoja wao kuchungulia. Tabia hiyo nilirudi nayo nyumbani kila jioni pamoja na chaki kwenye kucha. Mume wangu alinitania, "Mwalimu, hapa si darasani." Nami nilimjibu kwamba mwenye majibu sahihi haogopi mtihani.

Yeye alikuwa fundi wa magari mjini Moshi, na alikuwa na gari ambalo kila mtu kuanzia Himo hadi kwetu alilijua kwa sauti. Lilikuwa la milango miwili, la kijani kilichokoza. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alimwachia wakati mashamba makubwa yalipochukuliwa na mwenyewe akafunga virago. Injini yake ilikuwa imefanyiwa kazi kwa ajili ya mashindano, na aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi ni mume wangu. Enzi zile za Ujamaa, kuwa na gari lolote kulitosha kukuletea maneno. Balozi wetu wa nyumba kumi alilitazama lile la kwetu jinsi unavyomtazama ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye migomba yako.

Nisieleweke vibaya, sikuchukia mbio. Mwanzoni mwa ndoa yetu kulikuwa na Jumamosi za uwanja wa ndege, ule mdogo wa mjini. Mara moja kwa mwezi, ndege zikiwa hazipo, wenye magari ya nguvu walipewa ruhusa ya kuutumia. Walikuja mameneja wa mashamba, vijana wa Kihindi wenye maduka, na mume wangu, ambaye alikwenda kama fundi akaishia kuwa dereva. Walipanga mapipa yaliyopakwa chokaa, wakaweka ndoo za mchanga kwa ajili ya moto, na mtu mmoja akashika saa. Magari yalikwenda moja moja, dereva amevaa kofia ngumu na kujifunga mikanda. Askari alizunguka pembeni akifukuza mbuzi na watu wenye viherehere.

Siku moja alinipakia nikazunguka naye. Nilipiga kelele mpaka pipa la tatu, kisha nikaanza kucheka, na tuliposimama nilitaka turudie. Kwa hiyo najua kilichokuwa kikimvuta. Lakini tukirudi nyumbani siku zile aliendesha kama amebeba trei la mayai, na wenye malori walitupita wakipiga honi. Mama yangu alikuwa amezisikia sifa zake kabla hajakubali anioe, akamuuliza mbele ya watu atanipakiaje. Alimjibu, "Mama, mbio ni za uwanjani. Barabara ina watu." Mama alilipenda jibu lile. Mimi nilimwamini, na kwa mtu wa aina yangu hilo si jambo dogo.

Baadaye petroli ikawa shida. Wengine wakaondoka nchini, wengine wakayaweka magari yao juu ya matofali, na zile Jumamosi zikafa. Kisha ikaja amri kwamba Jumapili, kuanzia saa nane mchana, magari ya watu binafsi yasionekane barabarani. Mume wangu alikuwa na kibali, kwa sababu gereji yao ilikwenda kuyasaidia magari ya serikali yaliyoharibikia njiani. Akaanza kutoka kila Jumapili baada ya chakula. Aliniambia akimaliza kazi hupitia uwanjani peke yake, mlinzi anamfahamu, akaichangamshe injini isije ikalala.

Tatizo ni kwamba alirudi msafi. Uwanja ule wakati wa kiangazi ulikuwa na vumbi la kijivu linaloingia mpaka kwenye masikio. Zamani alirudi na nyusi kama za babu. Sasa alirudi na shati jeupe kama alivyoondoka, na gari ungedhani limetoka kuoshwa. Nikajua kuna mwanamke. Nilimpanga kichwani mpaka nikamjengea na nyumba, pale karibu na stesheni ya reli. Nilinusa mashati. Nilichokipata kilikuwa harufu ya breki zilizoungua na mpira wa matairi, na nikabaki nimesimama na shati mkononi nikijiuliza ni mwanamke gani anayenukia breki. Niliona aibu kidogo, nikaliweka jambo hilo pembeni. Hapo ndipo nilipokosea. Nilitafuta kosa nililoliogopa, nisiangalie lile lililokuwepo.

Sasa niseme kuhusu Jumapili za wanawake. Kwetu ng'ombe wanafugwa ndani, na majani yanawafuata huko huko. Mlimani kila kipande kina migomba na kahawa, kwa hiyo majani hukatwa chini tambarare, na wanawake huyapandisha kichwani, mzigo mkubwa kiasi kwamba ukiwaona kwa mbali unaona majani yanatembea yenyewe. Ng'ombe hajui siku ya Bwana. Asubuhi ni ibada, mchana ni majani. Siku za kawaida wanawake walipita pembeni kabisa, kwenye mawe, wakisikilizia malori. Lakini tangu ile amri itoke, Jumapili mchana lami ilikuwa yao. Walipanda katikati ya barabara, watatu watatu, wakizungumza bila kugeuka nyuma. Mama yangu alisema amri hiyo ndiyo pekee ya serikali iliyomfikia yeye binafsi. Nyumbani kwake palikuwa chini kidogo ya kwetu, hatua chache kutoka barabarani.

Jumapili moja nilikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nikaletewa habari kwamba Mama ameanguka. Nilimkuta kitandani, mguu mmoja umelala vibaya. Mume wangu alikuwa amefika kabla yangu.

"Nimeteleza kwenye mfongo," Mama alisema kabla sijamuuliza.

Mfongo ni mfereji wetu wa maji unaoshuka kutoka msituni, na maji yake yanakwenda kwa zamu. Wiki ile zamu ilikuwa ya watu wa juu. Nilikuwa nimeuvuka asubuhi nikienda ibadani, na kulikuwa na udongo mkavu uliopasuka. Mtu hutelezaje kwenye vumbi? Nilitaka kuuliza, lakini Mama alikuwa na maumivu, na mume wangu alikuwa tayari amembeba mikononi kumpeleka hospitali. Tulishuka Moshi taratibu mno. Kila shimo alilikwepa, na kila tulipotikisika alisema, "Pole, Mama." Nyonga ilikuwa imevunjika. Tangu siku hiyo Mama alitembea na fimbo, na hakubeba majani tena.

Mume wangu alimhudumia kuliko mwana wa kumzaa. Alimkatia majani mwenyewe, mwanamume mzima na mundu, watu wakimcheka. Alimtengenezea kitanda kifupi. Majirani waliniambia nimepata mume. Mimi ule wema ulinitia wasiwasi. Nilimjua, alikuwa mwema, lakini hakuwahi kuwa mwema kwa bidii namna ile.

Wiki ya sita, au ya saba, nilikuwa nabadilisha foronya ya Mama, likaanguka jani la isale lililofungwa fundo, limeanza kukauka. Isale ni mmea tunaoupanda mipakani. Mtu aliyekosa huchuma jani lake, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea akiongozana na mzee. Ukiletewa huwezi kukataa. Na ukishapokea, neno lile halisemwi tena.

"Nani kaleta?" niliuliza.

"Lirudishe hapo lilipokuwa."

"Mama, nani kaleta?"

"Nimeshapokea," alisema, akageukia ukutani. "Ukinipenda usiniulize."

Sikumuuliza tena. Nililichukua jani nikaenda nalo dirishani. Jani la isale huchumwa kwa mkono. Hata mtoto analing'oa. Hili kikonyo chake kilikuwa kimebanwa na kusagwa, na juu ya ule msago kulikuwa na alama ndogo za meno zilizojipanga sawasawa. Lilikuwa limekatwa kwa koleo. Katika mlima mzima nilimjua mtu mmoja tu ambaye hata ndizi aliikata kwa koleo, kwa sababu ndilo lililokuwa mfukoni mwake daima. Nilikaa chini kwenye kiti cha Mama. Nilisikia hasira, na chini ya hasira nikasikia woga, maana bado alikuwa akitoka kila Jumapili.

Nilimkuta mume wangu uani ameinama ndani ya injini, jua bado lipo juu ya kahawa.

"Ilikuwa wapi?" nilimuuliza.

Angeweza kujifanya hajui. Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kona ya baada ya daraja," alisema. "Alikuwa katikati ya barabara, Mwalimu."

"Wote walikuwa katikati. Ilikuwa Jumapili."

"Ndiyo. Barabara ilikuwa tupu. Nilijua hakuna magari."

"Na wao walijua hivyo hivyo."

Alifunga boneti. Kisha akaniambia yote. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeukamata mzigo, mzigo ukamzungusha Mama, akaanguka juu ya majani yake mwenyewe, na majani ndiyo yaliyokiokoa kichwa. Alisimamisha gari, akampakia, akamfikisha nyumbani. Njiani Mama ndiye aliyesema watu waambiwe ni mfongo, binti yake asije akalea watoto peke yake na mume yuko jela. Mama aliporudi kutoka hospitali, alfajiri iliyofuata mume wangu alimpelekea jani, peke yake bila mzee, ili asijue mtu wa tatu. Hata msamaha aliupitia njia ya mkato.

"Uwanja ulikuwepo," nilisema. "Mlinzi anakufahamu."

"Uwanjani unazunguka mapipa. Ukimaliza uko pale pale ulipoanzia, na saa ndiyo inayokusifu." Aliongea kwa upole, kama anayemweleza mteja ubovu wa gari. "Barabara inapanda, inakwenda mahali. Huwezi kujua baada ya kona kuna nini."

"Baada ya kona kulikuwa na mama yangu."

Aliinamisha kichwa. Alisema ameshasamehewa, Mama alipokea kwa mikono yake miwili. Nikamwambia ni kweli, Mama amesamehe nyonga yake. Lakini mimi nilidanganywa kila Jumapili, nikalishwa uwanja wa ndege na mlinzi wake, na mimi sijaletewa kitu.

Alikwenda mpakani. Nilimwona akisimama mbele ya isale, mkono ukaenda mfukoni kwenye koleo, ukatoka mtupu, akalichuma jani kwa vidole. Nilipomtazama akilifunga fundo nilipatwa na wazo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Mtu ambaye msamaha unaota kwenye uzio wake anaogopa nini kwenye kona? Mila ile wazee waliiweka ili watu wasiuane kwa visasi. Hawakuiweka kwa ajili ya mtu mwenye gari la kijani na kibali cha Jumapili. Nilitamani niikatae, na nilijua siwezi; aliyekataa isale hana wa kumlilia yakimpata.

"Nitalipokea," nilimwambia. "Nipe na ufunguo wa gari."

Alinitazama akidhani natania. Kisha akaona sitanii. Jani alilinyoosha kwa mkono wa kulia, akaliachia mara nilipoligusa. Ufunguo aliutoa kwa mkono wa kushoto, na huo ilibidi niuvute kutoka kwenye vidole vyake.