Tafsiri Fupi

Juzi nimeletewa habari kwamba muuguzi wa wagonjwa wa akili niliyefanya naye kazi Shinyanga amefariki kwao Tanga, na kwamba wamekwisha kumzika. Sikulia. Nimefika umri ambao mtu huketi tu akangoja uchovu upite, nao haupiti. Wasomaji wangu, waliomjua watamsifu kwa upole wake. Mimi namkumbuka kwa kosa nililomfanyia.

Nilikuwa karani wake na mkalimani wake. Yeye hakujua Kisukuma, na kina mama wengi wa vijiji vya Samuye na Didia hawakuwa na Kiswahili cha kuelezea moyo. Alikuwa na desturi iliyotuchekesha watumishi: kila mgonjwa aliporudi, kabla ya lolote, alimwuliza, "Tangu tuonane, nimekusaidia au nimekuchosha?" Jibu aliliandika kwenye jalada, na kwa jibu hilo alibadili dawa au maneno yake. Tulisema ni mwalimu anayeomba maksi kwa wanafunzi. Tena mgonjwa angejibu nini? Mtu wa kwetu hata akiletwa kwa machela, ukimsalimu atakuambia "mhola", yaani salama.

Mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vipya, aliletwa mama mmoja mwenye mimba, hapati usingizi wala hali chakula. Juma la kwanza na la pili aliitikia salama. Juma la tatu akanijibu kwa kirefu: dawa inamlaza, lakini akiamka anakumbuka kwamba mtoto wake waliyemzika kwenye makazi ya zamani amebaki peke yake porini, na hakuna anayemruhusu arudi hata kupalilia kaburi. "Mwambie, baba, hanisaidii. Kila siku ananiambia nisahau."

Nilitazama mlango. Siku zile, kusema kuhama kumemwumiza mtu lilikuwa neno la hatari, na mimi nilikuwa mwoga. Nikasema, "Anaendelea vizuri, anashukuru."

Muuguzi akacheka. "Ndugu karani, mama ametoa gunia zima, wewe unanipa kibaba. Mengine umeyala?"

"Salamu hizo, Bwana Mganga. Wasukuma tuna salamu ndefu."

Akaandika "nafuu", akamruhusu kurudi nyumbani.

Mwezi uliofuata mumewe alimrudisha kwa baiskeli, amemfunga kwa kanga asianguke. Mama alikuwa ametoroka kwa miguu hadi kwenye makazi ya zamani. Wachunga ng'ombe walimkuta amelala juu ya kaburi, siku ya tatu bila chakula. Mimba ilikuwa imetoka.

Niliungama palepale, mbele ya mume. Nilingoja matusi. Muuguzi alilikata lile neno "nafuu" kwa kalamu, akaniambia, "Mwulize tena. Safari hii usiyapambe maneno yake."

Mama alinitazama mimi, akamwuliza mumewe, "Huyu atasema?"

"Atasema," mume akajibu. "Mimi nipo, nasikia Kiswahili."

Nilisema yote. Muuguzi aliacha kumwambia asahau. Alimwandikia cheti cha kwenda kaburini na mumewe kila mwezi, kama matibabu, akakitia saini yeye mwenyewe bila kumwuliza mkubwa yeyote. Baada ya safari kadhaa mama alijibu, "Leo umenisaidia kidogo. Usingizi bado." Sijamwona mtu akifurahia neno "bado" namna ile. Alilipigia mstari, kisha wakaanza kuzungumza habari za usingizi.

Siku hizi nahudhuria mikutano ambamo watu huulizwa maoni, na jioni katibu huandika kwamba wananchi wameridhika. Mwandiko ule naujua, ulikuwa wangu. Mtoto wa mimba ile leo angekuwa darasa la tano. Ninyi mnaoandika majibu ya watu, andikeni na lile mnaloogopa lisisikike. Mtu hawezi kusema kweli kwamba hana jambo, kama hajaruhusiwa kwanza kusema kwamba analo.