Togwa Iliyochemshwa

Kibali chetu cha kutoka kambini kilitolewa kwa ajili ya tumbo la mdogo wangu wa kike. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mwili wa mtoto wa miaka tisa. Kila alichokula kilipita kama maji. Mimi niliandikwa msindikizaji. Tuliruhusiwa kukaa kwa shangazi yetu Makambako na kumpeleka hospitali ya misheni karibu na Njombe mpaka apone. Akipona, tunarudi kambini. Hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo, ila halikutusumbua, maana hatukuamini kwamba atapona.

Shangazi alikuwa ameolewa huku kabla vita haijatufukuza kwetu. Mumewe ni mfanyabiashara wa mahindi, Mwislamu wa swala tano, aliyekuja na malori kutoka Tanga akabaki. Nyumba yao iko kando ya barabara kuu, na malori ya Zambia yakipita vikombe hutetemeka kabatini. Watu huniuliza kama nilifurahi kufika. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Nilivaa sweta nililopewa, nikakaa nilipoambiwa nikae.

Shangazi alitulisha: pilau, nyama, maandazi. Mdogo wangu alikula, akatapika, akaharisha, akalala. Kambini tulikula ugali na njegere kavu za mgao miaka nenda miaka rudi.

Daktari wa misheni, mama wa Kibena mwenye sauti ya ukali, alimminya tumbo, akamgeukia shangazi.

"Tumboni mna bakteria wazuri wanaosaidia kusaga chakula. Huyu amekula kitu kimoja maisha yake yote, na kila akiharisha anapewa antibayotiki. Waliobaki ni wachache na wamechoka. Sasa wewe unamletea pilau! Nani atafanya kazi hiyo?"

Akaagiza maharage, mboga za majani, parachichi, kidogo kidogo. Na kwa kuwa maziwa yalimkataa, hata mtindi, anywe togwa iliyochachuka, asubuhi na jioni.

Togwa tuliipata kwa jirani, mama mmoja wa Mdandu. Ni uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi na kuachwa mpaka uchachuke. Mume wa shangazi alipoliona povu, alisimama mlangoni.

"Hii ni pombe. Humu ndani haiingii."

"Ni dawa ya mtoto, baba," shangazi alimwambia.

"Dawa ina povu?"

Shangazi hakutaka kumkosea mumewe wala daktari. Akaiweka jikoni, akaichemsha mpaka povu likaisha, akaipoza, akatia sukari. Mume akaridhika. Mdogo wangu akawa anakunywa bila kulalamika, na hakuongezeka uzito hata kidogo. Nilimvua nguo kumwogesha, nikaona mbavu zilezile, nikamvika.

Tuliporudi hospitali, daktari aliuliza kama togwa inanyweka.

"Inanyweka sana," shangazi alijibu kwa fahari. "Naichemsha vizuri kabisa."

Daktari alifumba macho. "Mama, bakteria wazuri wa togwa unawaua wote, halafu unamnywesha maiti zao."

Shangazi alilia njia nzima. Mumewe alipoelezwa alienda kuuliza msikitini, akarudi, akaomba kijiko. Akaonja, akakunja uso.

"Huu ni uji uliochacha tu," alisema. "Mpeni mwanangu anywe."

Tangu hapo mambo yalienda taratibu. Tumbo lilitulia. Akaanza kudai maharage, kisha viazi, kisha nyama kidogo. Mashavu yakatokea, sketi ikambana. Siku alipovunja ungo shangazi alipiga vigelegele peke yake jikoni. Nilijua ni jambo la kufurahia, nikaenda kuanua nguo.

Safari iliyofuata daktari alitazama mizani, akacheka kwa mara ya kwanza. "Mkija tena akiwa hivi, naandika amepona."

Jioni ile shangazi alipakua ugali, maharage na mboga. Mdogo wangu alisukuma sahani.

"Kula, mama," shangazi alimbembeleza.

"Nikila nitapona."

Shangazi aliinuka akatoka nje. Mumewe aliacha kutafuna, akaniangalia mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa wake na ndimi nitakayerudi naye kambini. Nilizijua njegere zinazotusubiri. Nilijua pia kwamba asipokula tutabaki hapa, mimi na yeye na mbavu zake, mpaka siku hata kibali hakitakuwa na maana tena. Ningependa kusema moyo uliniuma. Haukuuma, ulikuwa kimya tu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kula," nikamwambia.

Alikula tonge baada ya tonge, bila kuniondolea macho, mpaka sahani ikaisha.