Kiganja cha Mama

Napika uji wa unga wa muhogo, naukwangulia sabuni ya kipande, uwe rangi ya binti yangu ya kujipaka akioga, na harufu yake inanirudisha kwenye karai la bati, uani kwetu Makorora.

Tangu tumzike baba nilikuwa nakataa kuoga. Mama, akiwa bado ndani ya eda, akanipikia uji kama huu, akautia manjano kidogo, nijipake humo majini kisha nijioshe. Nikacheka. Lakini nilitaka na nyekundu, basi alipogeuka nikachota hina kwenye kopo la bibi, nikaikoroga.

"Mama, lete mkono."

Akanipa. Nikampaka kiganja kizima, na yeye, kwa uchovu wa siku zile, akasinzia palepale kwenye kigoda. Rangi yangu ilitoka na maji. Hina ya kwake ilishakolea.

Jioni akaja shangazi, dada yake baba, akakiona kile kiganja chekundu. "Wifi! Kaka yangu hata arobaini hajatimiza, wewe ushajipamba?"

Nikamtazama mama, nikisubiri aseme ni mimi.

"Nisamehe, wifi," akasema tu, akauficha mkono ndani ya kanga.

Shangazi akaondoka bila kuaga. Nikachukua dodoki, nikamsugua, nikamsugua, mpaka akaniambia, "Basi, mwanangu, utanichubua."

Sasa uji umepoa. Binti yangu, ndani ya beseni, ameshachovya brashi.

"Mama, lete mkono."

Nimeshaificha mikono yote miwili ndani ya kanga.