Vidole Vinne vya Fundi wa Maguta

Kabla sijaanza kuwasaidia watengenezaji wa vyombo vya moto kupata idhini, nilikuwa najaza karatasi za malori pale mpakani Tunduma. Nilikuwa na kasi, nilikuwa na mdomo, na nilijiona nayajua yote yanayoweza kuandikwa kwenye fomu. Ndiyo maana yule fundi wa Mbozi aliponijia na ovaroli lake lililotobolewa na cheche za moto, nilimwambia asiwe na wasiwasi, kazi yake ni ndogo.

Alikuwa anaunda maguta, zile pikipiki za magurudumu matatu zenye bodi ya mizigo nyuma. Wakulima wa kahawa wa Hasamba waliyapenda kwa sababu chuma chake kilikuwa hakipindi hovyo. Tatizo, hayakuwa na usajili, na yalikuwa yameanza kukamatwa barabarani. Ili yasajiliwe, ilibidi guta moja la mfano likaguliwe pamoja na michoro yake. Likikubaliwa, mengine yote atakayounda yafanane nalo kipimo kwa kipimo. Likikataliwa, basi tena. "Nitarudi kuchomelea madirisha," aliniambia, na jinsi alivyolitamka hilo neno madirisha ilinitia huruma.

Nilichora mimi. Nilizunguka siku mbili nikipima maguta ya Tunduma yanayobeba mizigo kwenye lami, kisha nikakaa mezani nikachora, na nakiri nilichora vizuri. Kwenye mstari wa mbunifu nikaandika jina langu. Yeye alisema mwandiko wake unamtesa, nami sikubisha sana. Aliupokea mchoro kwa mikono miwili, akauangalia kwa muda mrefu.

"Ekseli ya nyuma inakaa hapa kweli, mwanangu?"

Nikamjibu kuwa ndivyo kanuni zinavyotaka. Kanuni hazikusema hivyo. Nilisema mimi.

Siku ya ukaguzi nilifika mapema, nikakuta maguta mawili uani kwa fundi. La mfano lilikuwa limepakwa rangi ya bluu, linang'aa. La pili lilikuwa pembeni, la mteja wa Mbebe, huko milimani Ileje. Nikalipima kwa kiherehere changu, nikakuta ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, imerudi nyuma vidole vinne kuliko kwenye mchoro wangu. Nikamwambia mzee tulifunike haraka, mkaguzi asilione. Akaendelea kusuuza bakuli lake la uji. Nikachukua turubai nikalifunika mwenyewe.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Alimpa mzee shikamoo, akapima guta la bluu kila upande, akalinganisha na michoro yangu, kila kitu sawa. Akatoa kalamu.

"Afisa, subiri kidogo usisaini," fundi akasema. "Lile lililofunikwa nalo ni langu, na halifanani na hili."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Mbona halifanani, mzee wangu?"

"Hili nimefuata karatasi. Lile linaenda Mbebe. Kuna watu watapanda nalo mlima."

Yakapakiwa mchanga yote mawili, viroba sawa kwa sawa, yakapelekwa kwenye mwinuko nyuma ya karakana. La bluu lilipofika katikati, mzigo ukaelemea nyuma ya ekseli na gurudumu la mbele likaanza kunyanyuka kutoka chini, polepole, usukani ukawa haushiki chochote. Kijana wa karakana aliyekuwa analiendesha akapiga kelele. Fundi alikuwa anatembea nyuma yake muda wote huo na jiwe kubwa kifuani. Akaliweka kwenye tairi, guta likatulia. Alikuwa ameshajua. Lile la Mbebe lilipanda hadi juu kama halijabeba kitu.

Mkaguzi akachora msalaba kwenye faili langu, akasema tuanze upya. Alipoondoka nikamgeukia mzee kwa hasira, machozi yananilenga.

"Mzee, alikuwa ameshashika kalamu!"

"Ndiyo. Na angesaini, mengine yote ningetakiwa kuyaunda kama hili."

Nimekaa na wenye viwanda vikubwa kuliko uwanja wa mpira, wenye wahandisi na viyoyozi, na sijaona mwingine aliyeisimamisha kalamu iliyokuwa inakuja kumwokoa.

Msimu wa kahawa ulipita akichomelea madirisha. Mimi nilikuwa naenda kila wiki, safari hii nikishika tu futi ya kupimia anapotaka nishike. Alipanda na lile guta milima ya Mbebe akiwa na mzigo, akarudi, akanieleza nini kiandikwe nami nikaandika. Kisha akaunda kiunzi kizito cha chuma ambamo kila fremu ingelazwa kabla ya kuchomelewa, ili vile vidole vinne visihame hata siku ambayo yeye hayupo.

Mkaguzi yuleyule akarudi. Alipima, akalipandisha guta mlimani likiwa na mzigo, akafika ukurasa wa mwisho, akakuta mstari wa mbunifu uko wazi.

"Hapa mmesahau," akasema.

Hatukuwa tumesahau. Nilimpa mzee kalamu. Alifuta mikono kwenye ovaroli, akaifuta tena, akainama juu ya bodi ya guta, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, moja baada ya nyingine. Alichukua muda mrefu. Mimi na mkaguzi tulisimama wima, tukamsubiri.