Macho Yake Hayakuwa Mabovu

Jumanne iliyopita asubuhi nilikuwa sokoni Mwigobero, hapa Musoma, nachagua sato, simu ikaita. Alikuwa binti wa mzee mmoja mpiga picha wa Mwisenge, ambaye wengi mnaosoma safu hii mlikaa mbele ya kamera yake mkiwa mnatafuta picha ya paspoti. "Kaka, baba ametutoka," akasema, huku mama muuza samaki akiniuliza kama nachukua au nimwachie mwingine. Marehemu hakuwa ndugu yangu. Nilifanya naye kazi kama miaka miwili hivi, kabla sijaanza kuandika gazetini, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na nina kamera yangu ya kukopa kwa mjomba. Sasa ngoja niseme ukweli. Kitu cha kwanza kilichonijia baada ya ile simu hakikuwa huzuni, ilikuwa aibu, na nimeibeba mpaka leo naandika.

Nilimfahamu kwenye harusi moja Nyakato, kwenye ukumbi ambao taa zake zilikuwa za kubahatisha. Mimi nilikuwa nimeweka flashi yangu pembeni kwenye stendi, naiwasha kwa kile kidude kisicho na waya kinachokaa juu ya kamera. Nilijiona nimefika. Picha ikikubali inakuwa nzuri kweli, mwanga unatoka upande kama wa dirishani. Shida ni kwamba ilikuwa haikubali. Lenzi inaenda mbele, inarudi nyuma, inalia zii, zii, inatafuta fokasi haioni, na maharusi wameshakata keki. Mzee akaja taratibu akiwa na tochi ndogo mkononi, akammulika bibi harusi kwenye ukosi wa gauni, akaniambia, "Bonyeza nusu." Nikabonyeza, ikashika. "Sasa hamisha swichi ya lenzi iende kwenye fokasi ya mkono, isitafute tena. Usisogee." Akazima tochi. Nikapiga picha sita, zote zimekaa. Wale vijana wa bodaboda waliokuwa dirishani wakacheka, "Mzee wa tochi, umepata panya?" Akawajibu, "Nimepata, ana miguu miwili na amekaa dirishani." Baadaye akanielekeza. Flashi ikiwa juu ya kamera huwa inatoa kale kataa kekundu kanakoisaidia kamera kuona gizani. Ukiipeleka pembeni, umeondoka na hako kataa, na kidude changu hakikuwa nako. "Mwanangu, flashi inawaka wakati wa kupiga tu," alikuwaga anasema. "Kabla ya hapo kamera yako iko gizani kama wewe. Ikopeshe mwanga kwanza." Nilielewa vizuri sana. Ila kuelewa ni kitu kimoja, kukubali kuonekana na tochi mbele ya watu ni kingine. Niliona ni ushamba. Mteja amekuita na vifaa vya kisasa halafu unatoa tochi kama mlinzi?

Ndiyo nikafika Butiama. Tulipata kazi ya binti aliyekuwa anaolewa Musoma mjini, na kwao binti haondoki nyumbani mpaka bibi mzaa baba ampe baraka. Bibi anachukua funda la maji, anampulizia kifuani, anasema maneno yake kwa kilugha, imeisha. Hairudiwi. Wanasema ukiirudia umeifuta ya kwanza, na wachungaji wenyewe wanalijua hilo wala hawagombani nalo. Huyo bibi alikuwa hainuki kitandani, kwa hiyo baraka ilifanyika chumbani kwake, saa nane mchana, jua kali nje, lakini ndani dirisha ni dogo kama sahani na limezibwa na mti wa kahawa. Watu sita tu waliruhusiwa kuingia. Mzee alibaki uani na wazee wenzake, maana familia ilimtaka apige picha za baba wa binti akiwaaga wageni, akanipa mimi chumba. Akaja mpaka mlangoni akaninyooshea tochi. "Mpe shangazi yake ashike, ammulike bibi kwenye kilemba. Sekunde mbili tu, halafu funga fokasi." Nikamwambia, "Mzee, hii lenzi mpya inaona." Akaniangalia. "Inaona nini?" Nikasema, "Niache bwana, wanaanza." Shangazi akasikia, akacheka kidogo, nami nikajiona nimeshinda.

Bibi akachukua maji. Nikabonyeza, lenzi ikaanza safari yake, zii, zii. Bibi akapuliza. Kamera ikagoma. Bibi akawa anasema maneno yake, binti analia, mkono wa bibi uko kwenye paji la uso wake, ndipo kamera ikakubali ikapiga mara tatu mfululizo, flashi ikawaka vizuri kabisa, nikashukuru Mungu. Nilikuja kuzifungua zile picha kwenye kompyuta pale Mwisenge. Kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani nyuma ya kitanda ilisomeka mpaka tarehe. Bibi na mjukuu wake walikuwa ukungu mweupe wenye kilemba. Mnaijua methali ya haraka na baraka, na mnajua kwa nini siku ile nilikuwa siwezi kuitamka.

Yule bibi alifariki kabla albamu haijakamilika. Binti akaja studio na baba yake mdogo, hawaulizi kingine, wanaulizia ile picha. Mzee akawaonyesha zote tatu, hakuficha. Baba mdogo akasema, "Hii nini sasa? Nani alipiga?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la picha za paspoti, mita mbili kutoka kwao. Mzee akajibu, "Mimi. Macho yameanza kunisumbua. Nisameheni." Yule binti hakupiga kelele. Alisema tu, "Babu, ilikuwa ni hiyo moja," wakaondoka. Walipoondoka nikatoka nyuma ya pazia nikamuuliza kwa nini. Akasema kazi inayotoka kwake ni ya kwake, kwamba mimi ndiyo naanza na jina langu halijaota mizizi, lake limeshakaa. Halafu akasema neno ambalo nilijifanya sijalisikia. "Siku ukiwa tayari, utawaambia mwenyewe."

Jina lake halikuwa limekaa kama alivyofikiri. Mji wetu ni mdogo. Ndani ya miezi michache nikawa nasikia kwenye vijiwe, mzee wa Mwisenge haoni siku hizi, mzee ameharibu kazi ya watu Butiama. Kamati za harusi zikaacha kumwita. Ziliniita nani? Ziliniita mimi. Nilienda. Na tochi nilikuwa natumia, tena bila kuona haya, nikiwaambia watu ni utaalamu. Yeye alibaki na picha za paspoti na za wanafunzi, akawa ananisalimia vilevile, "Mwanangu, kazi?" Sisi vijana tunapenda kusema wazee wamepitwa na wakati. Huwa hatusemi kwamba mara nyingine ni sisi tumewasukuma pembeni kwa makosa yetu, halafu tukakaa kwenye viti vyao tukaita hayo maendeleo. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila Jumapili tulipoonana kanisani. Sikusema. Mwaka ukapita, ukapita wa pili, na jambo lililohitaji dakika tano likawa zito kama jiwe la kusagia.

Tulimzika kijijini kwao, nje kidogo ya Bunda. Kwa sababu naandika gazetini, familia iliniomba nisome wasifu wa marehemu. Niliusoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama mbele ya jeneza, kwa kuwa walinipa karatasi dakika ile ile. Mstari wa mwisho ulisema kwamba miaka ya karibuni alipunguza kazi kutokana na matatizo ya macho. Ningeweza kuuruka. Ningeweza kuinua kichwa nikasema. Niliusoma kwa sauti, kipaza sauti kikaupeleka mpaka barabarani, watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Jioni, tukiwa tunakunja maturubai, binti yake akaniuliza, "Kaka, wewe ulikuwa naye kazini. Hivi macho yalianza kumsumbua lini? Maana mimi sijawahi kumwona na miwani. Hata hospitali alikuwa anasoma Biblia yake ile ya herufi ndogo." Nikamjibu, "Sijui, dada." Nilimjibu hivyo, kwenye uwanja wa baba yake, udongo haujakauka.

Jana nilimpigia. Nilimweleza yote, kuanzia mlango wa kile chumba mpaka ule mstari. Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anaona?" Nikasema alikuwa anaona kuliko mimi. Akalia. Nikamwambia nitaandika kwenye safu, watu wote wajue. Akajikaza, akasema, "Andika. Lakini Butiama usiwatumie gazeti. Nenda na miguu yako, ukae chini, uwaambie ukiwa unawaangalia." Nikasema sawa, dada. Akaongeza, "Na mimi nitakuwepo. Nataka nisikie wakilitaja jina la baba yangu vizuri."

Tunaenda Jumamosi. Sijui watanipokea vipi, na wana haki ya kunifukuza. Kwako msomaji, hasa kijana mwenzangu unayeanza kazi, nina moja tu. Kosa lako liseme siku lilipotokea, wakati bado lina ukubwa wake wa kawaida. Ukimwachia mwenzako alibebe, atalibeba, kwa sababu watu wema wapo. Lakini siku akiondoka utakuta hakuna tena wa kumwomba radhi, na utabaki kuwaomba watoto wake.